Umeme unakatika kwangu tu, kisha unarudi wenyewe: shida iko wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Huu ni mwezi wa pili umeme nyumbani kwangu unakatika na kurudi. Mara nyingine ni sekunde mbili tatu, mara nyingine dakika kumi, kisha unarudi wenyewe bila mtu kugusa chochote. Majirani wote wanakuwa nao. Inatokea zaidi jioni, na kabla ya kukatika taa hufifia kidogo. Fundi alikuja mchana, akapima, akasema umeme ni mzuri, volti 230 kamili. Akabadilisha breka moja akaondoka, na usiku uleule tukaingia gizani. Sasa kuna anayeniambia niweke breka kubwa zaidi, na mwingine anasema ninunue stabilaiza. Friji nayo imeanza kugoma. Nianzie wapi?

JIBU: Barua yako ni fupi, ndugu yangu, lakini jibu umeliandika mwenyewe ndani yake. Umesema umeme unarudi wenyewe. Hayo ndiyo maneno ambayo fundi wako angeyashika na kuyageuza upande huu na ule kabla hajafungua begi la vifaa.

Breka ikishuka, hukaa chini. Iwe imeshushwa na mzigo mkubwa, na shoti, au na umeme unaovujia ardhini, itabaki hapohapo mpaka kidole cha mtu kiipandishe. Fyuzi ikiungua ndiyo basi kabisa, haifufuki. Kwa hiyo katika nyumba ambayo giza linaingia na kutoka bila mtu kusogelea ubao wa umeme, breka hazina kesi ya kujibu. Kubadilisha breka hapo ni kumchapa mtoto aliyekuwa shuleni wakati chungu kinavunjika. Kinachokata na kuunga chenyewe ni kitu kingine: mahali ambapo waya umekutana na waya mwenzake, au umeingia chini ya skrubu, na haukushikwa sawasawa. Mafundi tunasema jointi imelegea.

Kuna kimoja tu kinachoweza kunipinga, nacho ni mita yako. Mita nyingi za kisasa zina swichi ndani inayokata umeme mzigo ukizidi kiwango kilichowekwa, na baadhi huunga tena zenyewe baada ya muda. Mita tutaiuliza yenyewe, ngoja kidogo.

Kwanza kwa nini jioni. Chukua jointi iliyolegea kiasi cha kuwa na ukinzani wa robo ya omu. Mchana nyumba imetulia, inavuta labda ampea 2. Jointi inakula nusu volti na kutoa joto la wati 1. Hakuna atakayejua kama ipo. Jioni hita ya maji imewashwa, birika linachemka, friji inanguruma, ampea zimefika 20. Jointi ileile sasa inakula volti 5 na kutoa wati 100. Mzigo umepanda mara 10, joto limepanda mara 100, kwa sababu joto la waya hufuata mraba wa mkondo unaopita. Wati 100 ni ile balbu kubwa ya zamani ambayo ukiigusa inakubabua. Sasa ichukue balbu hiyo, ikandamize iwe ndogo kama ncha ya kidole gumba, uifungie ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani.

Joto hilo ndilo linalochezesha umeme wako. Shaba inatanuka, skrubu inatanuka, kila kimoja kwa kipimo chake, na pale palipokuwa panagusana kwa shida panaachana. Taa zinafifia, cheche zinarukaruka kidogo, halafu giza. Umeme ukishakatika hakuna tena mkondo unaopita, jointi inapoa, metali zinarudi kugusana, na nyumba inawaka. Mtu akisimama barazani ataapa kwamba kuna mkono unachezea swichi. Kila mzunguko wa namna hii unaacha masizi na kutu juu ya shaba, na hivyo viwili ni wapitishaji wabaya wa umeme, kwa hiyo ukinzani wa kesho utakuwa mkubwa kuliko wa leo. Ugonjwa huu haujiponi. Ulianza mara moja kwa wiki, utafika mara tano kwa usiku.

Na hapo ndipo unapoona kwa nini zile volti 230 za fundi hazikuwa na maana. Alikuja mchana, nyumba haina mzigo. Mita ya kupimia yenyewe inavuta mkondo mdogo mno. Waya uliokatika ukabakiwa na unyuzi mmoja wa shaba bado utasomeka 230, vizuri kabisa. Ni kama kupima uimara wa kamba kwa kuianikia leso. Kamba ya namna hiyo hupimwa kwa kuning'iniza gunia.

Simcheki mwenzangu, maana na mimi nimeshaianika leso hiyo. Kuna nyumba niliirudia mara tatu. Kila nikifika umeme umetulia, kila nikipima naona 230, kila nikiondoka napigiwa simu kabla sijafika kwangu. Mara ya tatu nimesimama ukumbini nikijikuna kichwa, mtoto wa nyumba ile, wa miaka kama saba, akaniambia, "Mjomba, ngoja nikuonyeshe." Akaufungua mlango wa mbele, akaubamiza. Taa zikapepesa. Akaubamiza tena, zikapepesa tena. Meni swichi ilikuwa imefungwa kwenye ukuta uleule wa mlango. Nilikata umeme, nikafungua kifuniko, nikaishika skrubu ya nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, kwa bisibisi: ilizunguka raundi moja na nusu kabla haijakaza. Ganda la waya lilikuwa limebadilika kutoka jeusi linalong'aa hadi kijivu kinachomeguka kama ganda la karanga, na shaba ya ndani ilikuwa zambarau. Miaka yote hiyo walikuwa wakibamiza mlango na kuilegeza kidogo kidogo. Yule mtoto alikuwa anajua, ila hakuna aliyemuuliza.

Basi na wewe jiulize maswali kabla hujamwita mtu mwingine, na la kwanza liende kwenye mita. Umeme ukikatika, chukua tochi, acha kila kitu, nenda ukatazame kioo cha mita. Ikiwa kioo kimezimika kabisa, umeme haufiki hata kwenye mita, na shida iko upande wa nje: kwenye nguzo, kwenye waya unaoshuka hadi nyumbani, au kwenye temino za kuingilia za mita yenyewe, pale waya unapofungiwa kwa skrubu. Ikiwa kioo kinawaka na namba zinaonekana kama kawaida, umeme umefika mpaka hapo, na shida iko kati ya mita na ubao wako wa breka, au ndani ya meni swichi. Kikiwaka kikiwa na ujumbe wa mzigo kuzidi, ni ile swichi ya ndani niliyoitaja. Hapo punguza vitu unavyowasha kwa pamoja uone kama giza litakoma. Angalizo dogo: baadhi ya mita zina betri ndani, kioo kinawaka ukibonyeza kitufe hata kama hakuna umeme. Kwa hiyo usibonyeze, tazama tu.

Safari hiyo moja ya tochi ina thamani kuliko nusu siku ya fundi anayebahatisha, kwa sababu inaamua nani aitwe. Kila kilicho kabla ya mita, pamoja na mita na lakiri zake, kwa kawaida ni mali na wajibu wa kampuni inayokuuzia umeme. Fundi wako haruhusiwi kukigusa, na wewe vilevile, hata kama unamwona ana bisibisi na ujasiri.

Halafu weka daftari karibu na ubao wa umeme. Najua linaonekana jambo la kizamani, lakini hitilafu inayokuja na kuondoka haikamatwi kwa macho. Hukamatwa kwa mazoea yake. Andika saa, imedumu muda gani, ni nyumba nzima au vyumba fulani, nini kilikuwa kinawaka, kioo cha mita kilikuwaje, hali ya hewa. Mistari mifupi tu: "Jumanne saa 1:40 usiku, dakika 6, nyumba nzima, hita na birika, kioo kinawaka." "Alhamisi saa 2:05 usiku, sekunde 3, nyumba nzima, hita, kioo kinawaka." "Jumamosi mchana, upepo mkali, sekunde 1, kioo sikuwahi." Ukifika mstari wa kumi utaanza kuona sura. Kama hita ipo kila mstari, ni joto la mzigo. Kama upepo upo kila mstari, kuna waya unaoning'inia nje unayumba na kuvuta jointi yake. Kama inatokea baada ya mvua, kuna maji mahali. Na kama jirani naye amekatikiwa sekunde ileile, futa mstari huo. Kwenye laini za juu kuna vifaa vinavyokata umeme tawi likigusa waya na kuunga tena baada ya sekunde chache kuona kama tawi limeondoka. Kupepesa kwa namna hiyo hakuhusiani na nyumba yako.

Wakati wa mzigo, jioni, tumia pua na masikio. Simama karibu na mita, meni swichi na ubao wa breka. Jointi inayoungua ina harufu, watu wengi huifananisha na samaki aliyeoza au plastiki iliyochomwa, na hupotea dirisha likifunguliwa, ndiyo maana hudhaniwa ni takataka za jirani. Sikiliza mchachatiko, kama mafuta yanapoanza kupata moto kwenye kikaango. Kama kifuniko ni cha plastiki na kimefungwa vizuri, gusa kwa mgongo wa mkono mkavu: uvuguvugu si hoja, lakini kama unautoa mkono haraka, umepata ulichokuwa unakitafuta. Cha chuma usikiguse. Na hii ni ya kwangu, wenzangu hunicheka: nachukua redio ndogo ya betri, naiweka kwenye masafa ya AM mahali pasipo na stesheni, naipitisha taratibu ukutani. Cheche za umeme hurusha mawimbi, na redio huyasoma kama mkwaruzo usio na mpangilio. Balbu za kisasa na chaja nazo zina mlio wao, ila wao ni wa kunyooka, hauruki. Redio imenionyesha jointi mbili tatu ambazo macho yalizipita. Kifuniko chochote kisifunguliwe na wewe. Ninachokuomba ni kunusa na kusikia, basi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nikuandikie kirefu hivi. Jointi iliyolegea ikiwa kwenye waya wa moto, utapata giza. Ikiwa kwenye nyutro, unaweza kupata giza na balaa juu yake. Nyutro ndiyo njia ya umeme kurudi ulikotoka. Ikikatika, waya wa moto bado upo, vyombo vyote bado vina umeme upande mmoja, ila hauna pa kutokea. Fundi akichomeka testa kwenye soketi anaona inawaka matundu yote mawili, anashangaa "umeme upo lakini haufanyi kazi". Kutegemea jinsi waya wa ardhi wa nyumba ulivyounganishwa, hata mwili wa friji au bomba la maji unaweza kuanza kutetemesha mtu. Na kwenye nyumba iliyoungwa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, ni hatari zaidi: kati ya fezi na nyutro ni volti 230, lakini kati ya fezi na fezi ni volti 400, na nyutro ndiyo inayozitenganisha. Ikiachia, upande wenye mzigo mkubwa volti zinaporomoka, na upande wenye mzigo mdogo zinapanda kuelekea 400. Huko kwenye mzigo mdogo ndiko televisheni na chaja zilipo. Nchi zinazotumia volti 120, kama Marekani, nyumba huletewa pande mbili zinazogawana nyutro moja, na mchezo ni uleule.

Kwa hiyo shika alama hii: taa za chumba kimoja zikififia huku za chumba kingine ziking'aa kuliko kawaida yake, usisubiri daftari lijae. Zima meni swichi, ipigie kampuni ya umeme usiku huohuo, na utumie neno "nyutro". Vivyo hivyo kitu cha chuma kikikutetemesha. Wewe umesema taa zinafifia tu, hukusema zinang'aa, na hilo limenipa usingizi, lakini lichunguze tena.

Washauri wako wawili, tuwamalize. Wa breka kubwa zaidi, usimsikilize hata kidogo. Breka haiwekwi kwa ajili ya vyombo. Kazi yake ni kulinda waya uliomo ukutani. Waya uliopangiwa ampea 20, ukiufungia breka ya 40, umeuruhusu upike ndani ya ukuta bila mtu kuambiwa. Tena ukumbuke jointi yako ilikuwa inatoa wati 100 mkondo ukiwa ampea 20 tu: hakuna breka ya kawaida, kubwa au ndogo, inayoliona hilo, kwa sababu mkondo haujazidi. Hii ndiyo sababu jointi zilizolegea huchoma nyumba huku breka zote zikiwa juu, zimetulia.

Wa stabilaiza ana nusu ya haki. Stabilaiza nzuri huinua volti zikishuka, lakini haitengenezi umeme. Ili itoe volti nyingi zaidi inavuta ampea nyingi zaidi kupitia jointi ileile mbovu, na wewe umeshaona ampea zikiongezeka joto hufanya nini. Baada ya jointi kutengenezwa, kama volti za eneo lako bado ni duni, tutazungumza stabilaiza.

Friji yako lakini haiwezi kusubiri. Kompresa ikizimika, gesi ndani yake bado ina shinikizo kubwa upande mmoja. Inahitaji dakika tatu hadi tano shinikizo lisawazike. Umeme ukirudi baada ya sekunde tatu, mota inajaribu kusukuma dhidi ya ukuta: haizunguki, inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, inaguguma, kisha unasikia "tak", kile kilinzi chake cha joto kimekata. Kikifanya hivyo mara nyingi, kitachoka kilinzi au itaungua mota. Huko "kugoma" ulikokuandika naamini ni huko. Nunua kifaa cha ulinzi chenye kuchelewesha, kile kinachokaa kati ya plagi na soketi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, na ambacho pia hukata volti zikipanda au kushuka mno. Mpaka ukipate, friji ikikatikiwa ichomoe, hesabu dakika tano, ndipo uichomeke. Chakula chenyewe kisikutie hofu kwa giza la dakika kumi. Mwongozo wa usalama wa chakula wa Marekani unatoa saa 4 kwa friji isiyofunguliwa, saa 48 kwa friza iliyojaa na 24 kwa iliyojaa nusu. Adui wa chakula ni mkono unaofungua mlango kuangalia kama bado ni baridi.

Kwa kompyuta na kifaa cha intaneti, betri ndogo ya dharura inatosha, lakini usinunue kwa kusoma namba kubwa ya kwenye boksi. Ile namba ya VA, yaani volti mara ampea, si wati. Wati huwa pungufu, mara nyingine karibu nusu. Ndani ya zile ndogo mara nyingi kuna betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Kifaa cha intaneti kinachokula wati 10 kitaishi nayo saa kadhaa. Kompyuta kubwa ya wati 200 haitafika hata dakika 25, kwani betri ya risasi ikikamuliwa kwa kasi hutoa pungufu ya ilichoandikwa. Inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Jenereta sikushauri kwa tatizo lako hili. Ila kama unayo, isikae ndani wala barazani, moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu inayoua, na usiichomeke kamwe kwenye soketi ya ukutani: umeme utatoka kinyumenyume hadi kwenye transfoma, upandishwe kuwa maelfu ya volti, umkute fundi wa laini aliyeambiwa waya umekufa.

Nitoke kwako kidogo, maana najua wapo wanaosoma hapa ambao umeme wao haurudi wenyewe, wanakuta breka imeshuka. Habari yao ni nyingine. Kama ni breka ya kawaida inayoshuka baada ya dakika arobaini hivi za kupika na kufua, huo ni mzigo. Breka ya ampea 20 inaweza kubeba 22 kwa zaidi ya saa nzima, lakini ikibeba 29 lazima ishuke ndani ya saa. Ndiyo maana watu husema "mbona vyote vilikuwa vinawaka vizuri". Vilikuwa, ndiyo, wakati breka inapata joto. Ikishuka papo hapo kwa mshindo, ni shoti, usiirudishe rudishe.

Lakini mara nyingi inayowasumbua watu ni breka ya uvujaji, ile yenye kitufe kidogo cha majaribio, mafundi huiita RCD. Hiyo inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Unaorudi ukipungua kwa miliampea 30 inakata, na kwa kanuni za utengenezaji inaweza kukata popote kati ya 15 na 30. Vyombo vingi vya kisasa huvujisha kidogo sana kimoja kimoja, vikikusanyika kumi vinaifikisha ukingoni, halafu chombo kidogo cha mwisho, chaja ya simu pengine, kinalaumiwa. Kuutafuta uvujaji, chomoa plagi zote. Narudia, chomoa, kuzima swichi ya soketi hakutoshi kwa sababu swichi nyingi hukata waya wa moto peke yake, na nyutro inayogusa ardhi nayo huiangusha RCD. Kisha ipandishe, urudishe kimoja kimoja kwa kupeana nafasi, si dakika moja moja. Hita ya maji huwa ya kwanza kwenye orodha yangu, taa ya nje iliyoingiwa na maji ya pili. Na kama inashuka saa tisa usiku watu wote wamelala, kabla hamjaanza kutaja majini, chunguzeni friji: zile zisizoganda barafu zina hita ndogo ya kuyeyusha barafu inayojiwasha yenyewe kila baada ya saa kadhaa, na ikiingiwa unyevu huvujisha wakati huo tu.

Turudi kwako, tumalizie na fundi. Mwite jioni, si mchana. Mwonyeshe daftari kabla hajafungua chochote. Washa kila kinachowaka kwa nusu saa, halafu mwambie apime nyumba ikiwa na mzigo: kwanza volti zinazoingia, kisha tofauti ya volti kati ya upande wa kuingia na wa kutoka wa kila kiungo, mita hadi meni swichi, meni swichi hadi breka, na asisahau upande wa nyutro. Kiungo kizima kitasoma karibu na sifuri. Kinachosoma volti 2, 3, 5, ndicho. Fundi akikuambia kipimo hicho hakifahamu, mshukuru, mpe nauli, tafuta mwingine. Akishapata, akate umeme wote kabla ya kushika bisibisi. Na asikaze skrubu juu ya shaba iliyoungua: aikate nyuma mpaka afike kwenye shaba nyekundu safi, amenye upya, na kama temino nayo imebadilika rangi, ibadilishwe. Waya ukiwa wa alumini unaokutana na shaba, atumie kiungio kilichotengenezwa kwa metali hizo mbili, vinginevyo baada ya miezi tutaandikiana tena.

Kile kipande cha waya kilichoungua alichokikata, kabla hakijafagiliwa, kiweke kwenye bahasha na uandike tarehe. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba akisema ulikuwa unajaza mzigo, utakitoa mezani. Na ikiwa kimetoka upande wa kabla ya mita, ndicho cha kwenda nacho kwenye ofisi ya kampuni ya umeme, pamoja na nakala ya daftari, siku utakayopeleka habari za friji.